Koti la Tandazo

Sikuwa na baba aliyejua kusoma. Sikuwa na viatu mpaka nilipofika miaka kumi na tisa. Sikuwa na cheti cha kuzaliwa, wala cheti cha darasa lolote la mchana, wala mjomba ofisini. Sikuwa na meno mawili ya mbele, niliyoyaacha katika mashamba ya mkonge ya Korogwe nilikokata majani tangu utoto. Sikuwa na sauti ya kuhutubia wala shamba la urithi, na kwa miaka ishirini na tano sikuwa na pumzi ya kupanda kilima bila kusimama, kwa sababu ya sigara.

Nilichokuwa nacho ni futi ya kupimia, mkasi, cherehani ya miguu, na herufi nilizojifunza katika shule ya jioni nikiwa baba wa watoto wanne, nikikaa dawati moja na mpagazi na muuza samaki. Nayasema haya mwanzoni ili msomaji ajue ni nani anayemletea habari za Sawalani. Si daktari. Ni Fundi Shekiondo, mwenye miaka sitini na tisa, fundi cherehani kwa miaka arobaini na sita, ambaye hajawahi kurudishiwa nguo kwa kosa la kipimo.

Jinsi nilivyofika Sawalani haina maana kubwa. Njia ipo na anayeitaka ataipata. La maana ni kwamba siku ya kwanza niliona milango yote ya mji ina kimo kimoja. Watu warefu walikuwa na makovu kwenye paji la uso, na wafupi walitembea na kijiti cha kufikia komeo. Nilipouliza sababu, nilijibiwa kwa adabu kwamba zamani katika nchi ile matajiri walitengenezewa kila kitu kwa vipimo vyao, na maskini wakaachiwa masalio. Wananchi walipochoka, walitunga sheria moja fupi: kilichomfaa mmoja kitawafaa wote, kwa kuwa wote ni sawa. Sikuwacheka. Sheria nyingi mbaya nilizozisoma zilianza na kilio cha haki.

Katika nchi hiyo sigara huvutwa sana, na serikali yake, kwa nia njema kabisa, inataka watu waache. Inayo Nyumba ya Tiba kubwa yenye nguzo nyeupe. Tiba ni moja, nayo ilitokana na mtu mmoja aitwaye Tandazo, aliyekufa zamani. Tandazo alikuwa mlinzi wa daraja, mtu wa kifua cha inchi arobaini na nane, aliyevuta sigara tatu kwa siku kwa sababu ya upweke wa kazi. Siku moja aliamua kuacha. Makarani walimfuata siku thelathini wakiandika kila alichofanya: alitafuna karafuu moja saa sita mchana, alikizunguka kisima mara saba, alilalia ubavu wa kushoto, na muda wote alivaa koti zito la rangi ya majivu. Siku ya thelathini na moja hakuvuta, wala hakuvuta tena mpaka kifo chake.

Basi tangu hapo kila anayeingia Nyumba ya Tiba hupewa karafuu moja saa sita, huzungushwa kisima, hulazwa kwa ubavu, na huvishwa koti la Tandazo. Makoti yote ni ya inchi arobaini na nane. Kulipunguza ni kosa. Anayeshindwa mara tatu huandikwa katika Daftari la Wakaidi, huvushwa daraja, na hukaa ng'ambo maisha yake yote ili moshi wake usiwaguse wengine.

Nyumba niliyopangiwa kukaa ilikuwa ya Bi Mwajabu, msokota kamba za katani, na mumewe Mzee Ngwali, ambaye alipoteza macho miaka kumi na minne iliyopita. Nilimkuta mama huyo uani amevaa koti lile. Lilimfika kwenye kisigino, na mikono yake haikuonekana.

"Mgeni, usicheke," aliniambia.

"Sicheki, mama. Nahesabu."

"Unahesabu nini?"

"Inchi zilizozidi. Kifuani kumi na tatu. Kila mkono, tano."

Alijitazama kwa muda. "Basi humu ndani tuko wawili," akasema, "na huyo mwenzangu ndiye anayeacha sigara."

Mumewe alicheka mpaka akashika ukuta, lakini mambo yao hayakuwa ya kuchekesha. Bi Mwajabu alikuwa ameshindwa mara mbili. Siku zake thelathini za tatu, ambazo ni za mwisho, zilikuwa zianze keshokutwa yake, na alikuwa anajaribisha koti. Akishindwa, atavuka daraja. Mzee Ngwali hakuwahi kuvuta hata sigara moja, na sheria haimruhusu asiyevuta kuvuka. Wangeachana baada ya miaka arobaini ya ndoa, yeye akabaki katika nyumba asiyoiona, na aliyekuwa akimshika mkono akawa ng'ambo. Waliniambia hayo wakiwa wanamenya viazi, kama watu wanaosimulia habari za jirani.

Kesho yake niliomba kuona Nyumba ya Tiba, na mgeni hanyimwi. Niliambiwa kwa fahari kwamba katika kila watu mia wanaoingia, kumi na mmoja hupona. Waliopona katika mia ya mwisho walikuwa wamepangwa kwenye baraza la mbele ili wageni wawaone. Niliwatazama kwa jicho la kazi yangu. Wote kumi na mmoja, koti liliwakaa vizuri.

Nyuma ya jengo nilionyeshwa kabati refu lililofungwa kwa kufuli. Mtunza kabati, mwanamke wa makamo aitwaye Hidaya, alinieleza kwamba ndani yake mlikuwa na dawa kumi na mbili zilizotengenezwa na wataalamu wa nchi hiyo hiyo. Kulikuwa na bandiko la kubandika begani, linaloupa mwili nguvu kidogo ya tumbaku na kuupunguzia wiki hadi wiki. Kulikuwa na vipande vya kutafuna, na vidonge vya namna mbalimbali. Alizijua zote, ipi inamfaa nani na ipi haimfai, na kwa miaka tisa hakuwahi kutoa hata moja. Nilipomwuliza kwa nini, alijibu kwamba Tandazo hakuzitumia.

Nilihudhuria pia kikao cha Baraza la nchi. Hoja ya siku hiyo ilikuwa wale themanini na tisa wasiopona. Upande mmoja ulisema tiba irudiwe kwa nguvu mara mbili, yaani karafuu mbili na koti juu ya koti. Upande wa pili ulisema tatizo ni maandishi ya ukutani kuwa madogo. Walibishana kwa ufasaha tangu asubuhi mpaka saa nane. Mjumbe mmoja wa viti vya nyuma alipendekeza wavutaji waulizwe wenyewe. Spika alimkumbusha kwamba mgonjwa ana maslahi yake katika ugonjwa wake, hivyo ushahidi wake haupokelewi. Mjumbe aliomba radhi akakaa.

Sawalani kuna desturi nzuri: kila mgeni huruhusiwa ombi moja kwa Mkadiri Mkuu, ambaye ndiye msimamizi wa vipimo vyote vya nchi. Mkadiri wa wakati huo alikuwa Bwana Burhani, mtu mpole mwenye kovu la mlango kwenye paji la uso. Aliniambia wageni wengi huomba asali. Mimi niliomba siku thelathini za Bi Mwajabu ziwe mikononi mwangu, bila koti, na niruhusiwe kutumia chochote kilichomo Nyumba ya Tiba.

"Utamtibu kwa nini?" akaniuliza.

"Kwa kile kilichoniponya mimi."

Alitabasamu, akasema hapo tumeelewana, akatia sahihi. Ningepaswa kushtuka palepale. Sikushtuka. Nilitoka nikiwa nimeinua kichwa.

Lazima nieleze nilivyoacha mimi. Nilivuta miaka ishirini na tano, na niliacha nikiwa na miaka arobaini na saba kwa akili yangu mwenyewe. Fundi anaposhona hushika pini kwa midomo. Niliona kwamba mdomo wenye pini hauwezi kushika sigara, basi nikawa sizitoi pini hata nilipopumzika. Miezi miwili ikapita, na hamu ikaniacha. Nimewasimulia watu wengi habari hiyo, na kila ninapoisimulia najiona mrefu zaidi.

Basi nilimpa Bi Mwajabu pini. Siku ya pili ilimchoma mdomo. Siku ya tatu aliiweka mahali asipopakumbuka. Siku ya nne asubuhi nilinusa moshi kabla sijafungua dirisha, nikamkuta ameketi kitandani na sigara ya pili mkononi. Nilimwambia kwamba nimempa njia iliyojaribiwa, kwamba mimi mwenyewe ni ushahidi, na kwamba kama haimfai basi kosa si la njia. Kisha nikamwambia kwamba yeye ni mkaidi.

Neno hilo lilinitoka mimi, kwa kinywa changu.

Mzee Ngwali aligeuza uso kuelekea sauti yangu ilikotoka.

"Mwajabu," akasema, "mletee mgeni koti. Amekuwa raia."

Nimetukanwa mara nyingi maishani, na watu wenye vyeti zaidi, lakini sijawahi kutukanwa kwa haki kiasi kile. Nilikwenda uani nikakaa juu ya mafungu ya katani. Miaka arobaini na sita mteja akiingia dukani kwangu sikuwahi kumpa suruali yangu mimi na kumlaumu kwa miguu yake. Nilijua hivyo kuhusu nguo. Ilinibidi nifike Sawalani nijue kwamba sikujua hivyo kuhusu watu.

Niliporudi ndani niliomba radhi, nikafungua daftari langu la vipimo kwenye ukurasa mpya, nikaandika juu yake jina la Bi Mwajabu. Nikamwuliza anavuta ngapi kwa siku. Akasema nane. Mumewe akakohoa.

"Kumi na nne," akasema Mzee Ngwali. "Mimi siwezi kukuona, lakini kiberiti nakisikia."

"Huyu hesabu ndiyo kazi yake," akasema mkewe.

"Ya kwanza huwasha kabla mguu haujagusa sakafu. Nasikia kiberiti kwanza, kitanda baadaye. Nne zinafuata kabla jua halijakaza. Halafu anatulia, anasokota kamba. Kamba ikiisha, mikono inabaki haina kazi, anawasha. Na nikianza ile habari ya mafuriko, anawasha."

"Habari ya mafuriko nimeisikia miaka thelathini, Fundi. Maji hayajawahi kupungua hata kidogo."

Niliandika. Nilimwuliza mzee kama kuna nyingine. Nilipoinua macho nilimwona anapapasa hewani kutafuta mkono wa mkewe.

"Kuna moja ya mwisho," akasema. "Mpiga mbiu akipita kutaja watu wanaovushwa daraja. Anavuta hiyo amesimama, na hasemi neno. Hiyo ndiyo ndefu kuliko zote."

Bi Mwajabu hakukanusha. Ndivyo nilivyopata kujua kwamba sheria iliyotungwa ili kumtoa sigara mdomoni ilikuwa yenyewe inamwashia moja kila siku.

Ukurasa ulipojaa niliugawa mafungu matatu: sigara za mwili, sigara za mikono, na sigara za moyo. Niliupeleka kwa Hidaya pamoja na kibali cha Mkadiri Mkuu. Aliusoma akiwa amesimama, kisha akaketi, akausoma tena. Aliniambia ni mara ya kwanza kuletewa mtu, siku zote huletewa idadi. Alieleza kwamba anayevuta kabla ya kushuka kitandani ana njaa ya mwili iliyo kubwa, na karafuu ya saa sita mchana humkuta amekwisha kushindwa tangu alfajiri. Tandazo na sigara zake tatu hakuijua njaa hiyo. Alimwita Bi Mwajabu, akamwuliza habari za moyo wake, za usingizi wake, na dawa nyingine anazotumia, kisha akafungua kufuli. Ilibidi alipige kwa kiganja, kwa maana lilikuwa limeshika kutu. Alichagua bandiko la nguvu la kubadilishwa kila siku, na vipande vya kutafuna vya kuwekwa chini ya mto kwa ajili ya dakika ile ya kuamka. Nasema wazi kwamba dawa alichagua yeye, si mimi. Mimi nilipima.

Za mikono tulizitafutia kazi mikono. Bi Mwajabu alijitengenezea kamba fupi yenye mafundo ya kufungua na kufunga, akaivaa kiunoni. Za moyo zilimhusu mzee. Alikubali kwamba akihisi mafuriko yanamjia, atamwomba mkewe asimulie habari yake yeye, na hapo tukagundua kwamba Bi Mwajabu ana habari nyingi ambazo hakuwahi kupewa nafasi ya kuzitoa. Na mpiga mbiu alipokaribia, walishikana mikono wakaenda uani mwisho kabisa, kwenye mtambo wa kusokotea kamba, wakauendesha kwa kelele mpaka apite.

Siku ya kumi na saba alivuta moja. Alikuja kunieleza amevaa koti la Tandazo, amejifunga vifungo vyote, kama mtu aliyejihukumu mwenyewe. Nilimwambia kwamba fundi akikosea mshono mmoja haichani nguo nzima. Anafumua pale palipokosewa, anashona tena. Tuliufungua ukurasa tukatazama. Siku hiyo alikuwa amegombana na mnunuzi wa kamba, na ugomvi hatukuwa tumeuandika popote. Tukauandika. Hidaya akamwongezea kipande kimoja cha kutafuna kwa ajili ya wanunuzi.

Siku ya thelathini walikuja Wanusaji, maofisa watatu ambao kazi yao ni kunusa mapazia, nywele na vidole siku ya mwisho, ambayo ndiyo pekee inayohesabiwa. Walinusa kwa nusu saa. Mmoja alimnusa Mzee Ngwali kwa makosa, mzee akamwuliza kama wapishi wake hawampi chakula. Hawakukuta kitu. Karani wao alifungua daftari, na hapo nikaona mtu anatokwa jasho asubuhi ya baridi. Daftari lilikuwa na safu mbili tu: Amepona kwa Koti, na Mkaidi. Mwanamke huyu hakuwa amevaa koti, hivyo hakupona. Na hakuwa anavuta, hivyo hakuwa mkaidi. Karani alitazama sheria, na sheria ilisema asiye na safu abaki alipo mpaka safu ipatikane.

Bi Mwajabu akabaki alipo. Alikwenda akamshika mumewe mkono, wakaketi.

Ningependa kumalizia hapo, lakini nimejifunza kuandika ili niseme yote. Siku ya tatu baada ya hapo alikuja Mkadiri Mkuu mwenyewe, amefurahi mno. Baraza lilikuwa limekaa na kupitisha, bila hata mmoja kupinga, kwamba Tiba ya Tandazo imefutwa na mahali pake itakuwa Tiba ya Mwajabu. Kila mvutaji nchini atabandikwa bandiko la nguvu, mwenye sigara tatu na mwenye thelathini. Kila mmoja atafungwa kamba kiunoni. Kila nyumba itakuwa na kipofu wa kusimulia mafuriko, na pasipo na kipofu, mtu mzima wa macho atafungwa kitambaa. Makoti yote yatakatwa upya kwa inchi thelathini na tano. Alichohitaji ni ukurasa wangu. Na kwa kuupata, alinyoosha mbele yangu cheti kikubwa chenye muhuri mwekundu na jina langu kwa wino: Hoza Shekiondo, Mkadiri wa Heshima.

Nilikitazama cheti kile kwa muda mrefu. Nilisema mwanzoni ni vitu gani sikuwa navyo. Karatasi ya aina ile niliitamani tangu nikiwa mkata mkonge. Nililiona jina langu limeandikwa vizuri kuliko ninavyoweza kuliandika, na mkono wangu, sifichi, ulisogea.

Bi Mwajabu alikuwa ananitazama.

"Mle nimeandikwa mimi, Fundi," akasema taratibu. "Mtu mwingine atafanya nini na mimi?"

Nilimrudishia Bwana Burhani cheti chake kwa mikono miwili, kama inavyompasa mtu mwenye adabu, nikamwambia jibu langu nitalileta kwa barua. Alipoondoka niliuchana ukurasa wa Bi Mwajabu kutoka kwenye daftari nikampa mwenyewe. Akaukunja akaufungia kwenye pindo la kanga. Kisha nikaketi mezani na kuandika, kwa herufi nilizojifunza shule ya jioni, barua ambayo ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, na nakala yake nimeiweka:

"Kwa Mheshimiwa Mkadiri Mkuu wa Sawalani. Ukurasa ulioutaka si wa nchi, ni wa mwenyewe. Badala yake nakuletea daftari lenye kurasa mia mbili. Juu ya kila ukurasa nimeandika maswali tu: ya kwanza unavuta lini, ukiwa na nani, mikono yako inafanya nini, unaogopa nini, uliwahi kuacha lini na nini kilikurudisha. Chini yake ni patupu, na patajazwa na kila mtu kwa zamu yake. Kisha apelekwe kwa Hidaya, ambaye anajua kabati lake. Mlitaka watu wawe sawa. Usawa ni kila mtu kupimwa kwa uangalifu uleule. Nami niliwahi kukosea kama ninyi, kwa siku nne, na nilikuwa na fahari wakati huo kama nilivyo na fahari sasa. Ila ya sasa nimeifanyia kazi. Ni mimi, Shekiondo, fundi cherehani."

Nililifunga daftari kwa kamba ya Bi Mwajabu, naye akalipiga fundo ambalo alisema hata waziri atalifungua kwa subira. Juu ya daftari niliweka futi yangu, ile iliyosomesha watoto wanne, imefifia namba za mwanzo kwa kushikwa. Sasa sikuwa na futi pia. Niliviweka vyote katika bahasha ya turubai, nikadondosha nta kwenye mkunjo, na kwa kuwa sikuwa na muhuri, nikaibonyeza kwa kastabani yangu ya kukinga kidole na sindano mpaka vitundu vyake vyote vikatokea. Tarishi alikuwa anasubiri mlangoni, mtu mrefu, ameinama. Nikampa, akaondoka nayo nta ikiwa bado ya moto.